Neti imekwama wapi? Kutafuta tatizo la mtandao Mombasa, kutoka ukutani hadi baharini

Neti ikilegea Mombasa, lawama huenda baharini moja kwa moja. "Kebo imekatika," mtu anasema, na mazungumzo yanaishia hapo. Ni kweli kebo zinatua kwetu: SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, LION2 mwaka 2012, na nyingine zimeongezeka tangu hapo. Lakini kebo haikatiki kila wiki, na siku ikikatika nchi nzima huwa na habari kabla hujampigia fundi. Malalamiko mengi yana chanzo cha karibu zaidi: ukuta mnene, waya ulioliwa na chumvi, modemu iliyosheheni, au pakiti (kipande kidogo cha data) iliyotoka mtaa wa Tudor ikazungushwa Ulaya ilhali ilikuwa inakwenda Nairobi.

Mwongozo huu unaifuata njia ya pakiti, kutoka karibu kwenda mbali. Usiruke hatua za mwanzo kwa sababu zinaonekana za kitoto. Ndizo zinazookoa muda. Na kabla ya kugusa chochote, pata majibu ya maswali haya: ni kila kitu kimelala au ni tovuti moja tu? Ni watu wote nyumbani au ni mmoja? Ni kutwa kucha au kwa saa fulani? Mteja akisema "haifanyi kazi kabisa," muulize kwa upole kama WhatsApp inaingia. Mara nyingi inaingia.

Namba za kubeba kichwani

Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kama theluthi mbili ya kasi yake hewani. Hesabu yake ni nyepesi: kila kilomita 100 za faiba zinakula milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Mombasa hadi Nairobi kwa barabara ni karibu kilomita 480, kwa hiyo faiba inayofuata barabara haiwezi kukupa chini ya milisekunde 5 hivi. Ukiona 8 hadi 15, uko salama. London iko zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, hivyo hata faiba ingekatiza jangwani bila kona, chini ya 70 isingewezekana. Na kwa kuwa kebo zinazunguka kupitia Bahari ya Shamu, 130 hadi 160 ni jambo la kawaida; zikizungukia kusini mwa Afrika, inazidi hapo. Wale waliokaa kwenye saiba za Moi Avenue kabla ya 2009 wanaikumbuka setilaiti: chombo kiko kilomita 35,786 juu, na jibu likichukua nusu sekunde na zaidi hakuna aliyeshangaa.

Megabiti zinauzwa. Milisekunde za umbali haziuzwi, na hakuna kifurushi kinachozipunguza. Ndiyo maana muda wa kwenda na kurudi ni ushahidi mzuri kuliko kipimo cha kasi. Seva ambayo unajua iko Nairobi ikikujibu kwa milisekunde 160 kila mara, hata nyumba ikiwa imetulia, karibu hakika pakiti yako imevuka bahari, hata kama kampuni yako inakuapia vingine.

Vifaa ni vya bure. `ping`, iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, inakupa muda wa kwenda na kurudi, na upotevu, yaani asilimia ya pakiti zisizorudi. `traceroute` ya Van Jacobson (kwenye Windows andika `tracert`) inaonyesha ruta zilizo njiani. `mtr` inafanya kazi zote mbili na kuendelea kuhesabu. Kama utajifunza kimoja tu, jifunze hiki.

Hata ukurasa wa ruta ni mzito

Pima ruta yako yenyewe kwanza: `ping 192.168.1.1`, au anwani yoyote iliyobandikwa chini yake. Kwa waya unatarajia chini ya milisekunde 1. Kwa waifai, 2 hadi 5. Ukiona 80, kisha 4, kisha 300, kisha kimya, funga mjadala wa kampuni na wa bahari. Tatizo liko ndani ya nyumba.

Mji wa Kale na nyumba nyingine za zamani zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine nene kufikia urefu wa mkono. Masafa ya gigahezi 5 hayana lao hapo. Yale ya 2.4 yanapenya kidogo, lakini kila jirani yuko humo humo, na chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kuongeza nguvu ya ruta hakusaidii, kwa sababu simu yako haina nguvu ya kujibu kwa umbali huo. Vuta waya hadi chumba cha pili, weka kifaa kingine cha waifai huko, basi. Vile vifaa vya kurudia mawimbi vinavyouzwa kwa bei ya kutupa madukani vinapokea na kurusha kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo vinakula nusu ya kasi kabla hujaanza.

Kisha waya. Hewa ya pwani ina chumvi, na konekta iliyo juu ya paa bila kufunikwa huota kutu ya kijani. Dalili yake inapotosha, maana mtandao haufi: unapungua. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za waya, lakini megabiti 100 zinatosheka na jozi mbili. Jozi moja ikioza, vifaa vinakubaliana kimyakimya kushuka hadi 100, na mteja aliyelipia 200 anakwama kwenye 94 au 95 kila akipima. Ukiona namba hiyo imeganda hapo siku nzima, usimpigie mtu simu. Panda juu, kata konekta, rudi nyuma mpaka ufikie shaba inayong'aa, funga mpya na uijaze grisi ya kuzuia maji. Angalia pia hesabu ya makosa ya fremu kwenye swichi. Ikipanda kila baada ya mvua, maji yameshaingia kwenye ganda la waya na kipande chote ni cha kutupa.

Simu za video zinakatika mtu mwingine akipandisha faili

Hapa ndipo watu wanaponunua kifurushi kikubwa zaidi bila sababu. Anza `ping` kwenda mahali pa karibu nje ya nyumba, tuseme hatua ya kwanza ya kampuni yako (ruta yake ya kwanza inayoonekana kwenye `traceroute`), na uiache ikienda. Nyumba ikiwa kimya unaona 9, 10, 9. Sasa mwambie mtu atume video ndefu. Ikipanda hadi 600 au 1,500, kisha ikashuka faili linapomalizika, umempata mchawi: bafa ya modemu, yaani sehemu pakiti zinaposubiri zamu, ni kubwa kupita kiasi.

Ruta nyingi zilitengenezwa zisitupe pakiti hata moja, kwa hiyo zinazipanga foleni. Bafa ya kilobaiti 512 kwenye njia ya kupandisha ya megabiti 2 inahitaji kama sekunde 2 kumalizika. Pakiti ya sauti yako ikifika inasimama nyuma ya foleni hiyo yote, kama mwendesha pikipiki aliyekwama nyuma ya malori kwenye feri ya Likoni: chombo kinakwenda mwendo wake ule ule, ila zamu yake iko mbali. Jim Gettys alilipigia kelele tatizo hili miaka ya 2010 na 2011, na dawa ikapatikana, programu za kusimamia foleni: CoDel ya Kathleen Nichols na Van Jacobson mwaka 2012, kisha fq_codel, inayompa kila mzungumzaji foleni yake na kutupa pakiti mapema ili mtumaji apunguze mwendo.

Ruta yenye OpenWrt, au MikroTik yenye RouterOS toleo la 7, inazo. Kitu kimoja kinasahaulika: lazima uweke kikomo cha kasi chini kidogo ya kile unachopata kweli, asilimia 85 hadi 90, la sivyo foleni itaendelea kujengeka ndani ya modemu ambako fq_codel yako haifiki. Unapoteza kidogo kwenye kipimo cha kasi, unapata simu zisizokatika. Kwangu mimi hiyo ni biashara nzuri, ingawa wateja wengine hukunja uso wakiona namba imepungua.

Washukiwa wa kawaida: kamera za ulinzi zinazotuma picha nje usiku kucha, na simu zinazohifadhi nakala za picha zikishaona waifai.

Kiungo cha anteni kinalegea, na saa za kulegea zinasogea kila siku

Hili ni la kwetu watu wa visiwani na ndani ya vitabu vingi vya mitandao hutalikuta. Ofisi ya kliaringi iko kisiwani, tawi liko Kisauni, na zimeunganishwa kwa anteni za gigahezi 5.8 zinazotazamana juu ya maji ya Tudor. Leo kiungo kinalegea saa nne asubuhi. Kesho karibu saa tano kasoro. Kesho kutwa saa tano na nusu hivi. Fundi anabadilisha redio, anabadilisha waya, analaumu meli zinazopita. Kumbe anapaswa kutazama ufuko.

Saa ya maji kujaa husogea kama dakika 50 kila siku. Tatizo linalosogea kwa kiasi hicho hicho ni tatizo la bahari. Mawimbi ya redio yanafika upande wa pili kwa njia mbili: moja imenyooka, nyingine imegonga uso wa maji na kuruka. Yakifika pamoja kwa mpangilio fulani yanasaidiana, kwa mpangilio mwingine yanauana. Kinachoamua ni tofauti ya urefu kati ya njia hizo mbili, na tofauti hiyo inategemea anteni ziko juu kiasi gani kutoka kwenye maji. Maji yanapopwa, anteni zako zimepanda bila kuguswa.

Tuifanye hesabu. Kiungo cha kilomita 2, anteni moja iko mita 12 juu ya maji yaliyojaa, ya pili mita 10. Tofauti ya njia ni takriban mara mbili ya zao la kimo kwa kimo, gawanya kwa umbali: 2 × 12 × 10 ÷ 2,000, yaani sentimita 12. Wimbi la 5.8 lina urefu wa sentimita 5.2 hivi, kwa hiyo tofauti ni mawimbi 2.3. Maji yakishuka mita 3, kama inavyotokea Mombasa wakati wa bamvu, vimo vinakuwa 15 na 13, na tofauti inafika sentimita 19.5, yaani mawimbi 3.75. Uso wa maji hugeuza wimbi juu chini linaporuka, hivyo pigo la kuua linakuja tofauti inapokuwa namba kamili. Kati ya 2.3 na 3.75 kuna 3. Maana yake kiungo hiki kitazama mara moja maji yakipwa na mara nyingine yakijaa, kila mzunguko. Siku za maji mafu bahari husogea kidogo tu karibu na kimo chake cha kati, na kwa mfano huu hiyo 3 iko hapo hapo katikati, kwa hiyo kiungo kinaweza kukaa dhaifu kwa muda mrefu zaidi.

Kuthibitisha ni rahisi: chora nguvu ya mawimbi ya siku kadhaa, weka kando jedwali la maji la bandari. Vilele na mabonde vitafuatana.

Dawa ya kwanza haigharimu kitu. Rudisha anteni nyuma kutoka ukingo wa paa mpaka ukingo wenyewe ufiche maji ya katikati lakini usifiche anteni ya upande wa pili. Ikishindikana, weka anteni ya pili kwenye mlingoti huo huo. Kwa mfano wetu, ikiwa juu au chini ya ya kwanza kwa takriban mita 2, moja ikiwa bondeni nyingine iko kileleni. Kuongeza nguvu ya redio hakusaidii, kwa sababu lile wimbi la majini nalo linaongezeka. Na kupandisha mlingoti juu zaidi, jambo ambalo kila mtu hulikimbilia, huzidisha idadi ya mabonde.

Kipimo cha kasi ni kizuri, lakini tovuti ya hapa hapa nchini ni nzito

Kipimo cha kasi huchagua seva iliyo karibu na hutumia miunganisho mingi kwa pamoja. Kinakuambia bomba lako ni pana kiasi gani mpaka Nairobi. Hakikuambii chochote kuhusu njia ya kwenda mahali pengine.

Hakikisha kwanza seva iko wapi. Jina linaloishia na .ke halina uhusiano na mahali mashine ilipo. Tovuti nyingi za Kenya zinakaa Ujerumani au Marekani kwa sababu huko kukodi ni rahisi. Mwombe mtu aliye Nairobi kwenye mtandao mwingine aipime. Akipata milisekunde 2 na wewe 160, seva iko Nairobi na njia yako ndiyo mbovu. Wote mkipata 160 na zaidi, mashine iko ng'ambo na hakuna cha kurekebisha isipokuwa kumshauri mwenye tovuti. Usiamini hifadhidata zinazodai kujua anwani ya IP iko mji gani. Milisekunde hazisemi uongo kwa upande huo: jibu la milisekunde 4 haliwezi kutoka Frankfurt.

Tuseme ni njia. Inakuwaje pakiti iende Ulaya kutoka Mombasa kufika Nairobi? Mitandao huambiana nani yuko wapi kwa itifaki ya BGP, na BGP haijui kilomita wala milisekunde. Kila kampuni inachagua njia kwa sera yake kwanza, na sera kwa kawaida ni pesa: pitisha kwa mteja anayekulipa, la sivyo kwa mwenzako mnayebadilishana bure, la sivyo kwa kampuni unayoilipa wewe. Baada ya hapo ndipo inahesabu mitandao mingapi iko njiani, na mtandao mmoja unaoanzia Mombasa hadi Marseille unahesabiwa moja tu. Kampuni mbili za Kenya zisipokutana nyumbani, zitakutana pale wakubwa wao wanapokutana, na wakubwa wao wako London, Amsterdam au Marseille.

Kituo cha kukutania kipo. KIXP ilifunguliwa Nairobi Novemba 2000, ikafungwa mwezi uliofuata kwa amri ya mamlaka ya mawasiliano baada ya kampuni ya simu yenye ukiritimba kulalamika, ikafunguliwa tena Februari 2002. Baadaye ikawa na kituo Mombasa pia. Lakini kuchomeka waya kituoni si sawa na kubadilishana na kila aliyemo. Arpit Gupta na wenzake walipima jambo hili kwa ruta walizoziweka majumbani Kenya, Tunisia na Afrika Kusini, na katika utafiti wao wa 2014 wakaonyesha kwamba mizigo ya ndani ya Afrika ilikuwa ikizungushwa Ulaya kwa sababu kampuni ama hazikuwepo kwenye vituo vya kubadilishana, ama zilikuwepo bila kupeana njia. Hali imeboreka tangu hapo, haijaisha.

Kuna mzunguko mwingine, wa Nairobi: wewe uko Tudor, jirani yako yuko Nyali kwa kampuni nyingine, na pakiti zenu zinapanda Nairobi kisha zinashuka. Inakera ukiifikiria, ila inagharimu milisekunde kumi na kitu tu. Sipotezi usingizi kwa hilo. Ninaloandikia barua ni lile la Ulaya.

Kuna pia DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Huduma kubwa za video na mitandao ya kijamii zina kache (seva zenye nakala za vitu vyao) humu nchini, na nyingi zinaamua kache gani wakupe kwa kumtazama mjumbe anayewauliza jina, si wewe. Ofisi inayotumia DNS ya makao makuu yake Ulaya hupewa kache ya Ulaya. Fanya `nslookup` ya jina lile lile kwa DNS ya kampuni yako ya intaneti na kwa ile unayotumia, kisha pima anwani zote mbili. Moja ikijibu kwa 12 na nyingine kwa 150, umemaliza kazi bila kumpigia mtu.

Mara chache sana njia inaibwa. Tarehe 24 Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan ilitaka kuifunga YouTube kwao tu, ikatangaza 208.65.153.0/24, kundi la anwani 256, na tangazo likavuja nje. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza 208.65.152.0/22, kundi pana zaidi la anwani 1,024 lenye hilo ndani yake. BGP hufuata anwani iliyobainishwa zaidi, kwa hiyo kwa saa kama mbili watu wa nchi nyingi walipelekwa Pakistan kutafuta video. Ukiona huduma imekufa kwenye baadhi ya mitandao na iko hai kwenye mingine, kumbuka hilo, lakini lisiwe wazo lako la kwanza.

Kusoma mtr bila kujidanganya

Mteja anatuma picha: hatua ya nne ina upotevu wa asilimia 60, imezungushiwa wino mwekundu. Hatua ya tisa, ambayo ndiyo mwisho, ina sifuri. Hakuna tatizo hapo. Ruta ya nne inapitisha pakiti zako zote; imeamua tu kutoshughulika na kujibu vipimo, kwa sababu ina kazi nyingine. Upotevu wa kweli huanza hatua fulani na kuendelea hadi mwisho.

Muda nao husomwa hivyo hivyo. Hatua moja ikiruka hadi 90 na inayofuata ikarudi 11, puuza. Ikiruka kutoka 11 hadi 118 na zote zinazofuata zikabaki juu, hapo pakiti imevuka bahari. Majina ya ruta yenye mba (Mombasa), nbo (Nairobi), mrs (Marseille) au lon (London) ndani yake yanasaidia kujua miji, ila majina huachwa yakazeeka baada ya mashine kuhamishwa. Muda ukipingana na jina, fuata muda. Kwenye mitandao ya MPLS, inayopitisha pakiti kama ndani ya handaki, utaona hatua nne zote zina 140 kana kwamba ziko mahali pamoja. Ni kwamba majibu yao yanapelekwa kwanza mwisho wa handaki kabla ya kurudi kwako.

Kosa baya zaidi ni kusahau kwamba `traceroute` inaonyesha njia ya kwenda peke yake. Ukiona hatua ambayo kila kitu kinasema iko Nairobi lakini muda ni 150, huenda pakiti imefika Nairobi vizuri kabisa na jibu ndilo linalorudi kwa kupitia Ulaya. Hutalipata mpaka mtu wa upande wa pili apime kuja kwako. Kama humjui mtu huko, RIPE Atlas ina vipimio vidogo vilivyotawanywa duniani tangu 2010, Kenya ikiwemo, na ukikubali kukipa kimoja makazi kwako unapata mkopo wa kutumia vya wengine.

Kila jioni

Linganisha saa nne asubuhi na saa tatu usiku, kwa waya, nyumba ikiwa imetulia. Hatua ya pili au ya tatu ikipanda kutoka 10 hadi 60 kila usiku na kushuka watu wakishalala, kiungo cha kampuni kimejaa. Huna dawa zaidi ya ushahidi wa siku kadhaa mfululizo, na nguvu ya kuhama.

Kupakua kutoka mbali ni kwa kusuasua, karibu ni moto

TCP, itifaki inayobeba kurasa na mafaili mengi, hungoja uthibitisho kabla ya kuendelea, kwa hiyo umbali hupunguza kasi hata bomba likiwa tupu. Kifaa cha zamani kisichoweza kupanua dirisha lake (data inayotumwa kabla ya kungoja uthibitisho) zaidi ya kilobaiti 64 hakivuki megabiti 3.5 kwa sekunde kwenye njia ya milisekunde 150, hata ukimpa faiba ya gigabiti. Kamera na mashine za kiwandani zina ugonjwa huu.

Kinachoumiza wengi zaidi ni upotevu mdogo. Matthew Mathis na wenzake walitoa kanuni mwaka 1997: kasi ya muunganisho mmoja hushuka kadiri muda unavyoongezeka, na kadiri kipeuo cha pili cha upotevu kinavyoongezeka. Chukua upotevu wa asilimia 1 na pakiti za kawaida. Kwa seva iliyo milisekunde 10, kanuni inatoa kama megabiti 14. Kwa seva iliyo 150, inatoa chini kidogo ya megabiti 1. Konekta ile ile yenye kutu juu ya paa, kwa hiyo, haionekani ukipima Nairobi, halafu inaua kazi ya mhasibu anayeingia kwenye seva ya London. Algoriti mpya kama BBR ya Google, ya 2016, hazitishwi na upotevu namna hiyo, lakini huchagui seva ya mwenzako inatumia nini.

Ujumbe mdogo unapita, kiambatisho kinakwama

Ukurasa unaanza kufunguka kisha unasimama. Barua pepe fupi inakwenda, yenye picha haiendi. Pakiti kubwa hazipiti, na taarifa ya kukuambia upunguze imezuiwa na mtu aliyefunga ICMP yote (itifaki ya taarifa kama hizo na ya `ping`) akidhani ni usalama. Kwenye Windows jaribu `ping -f -l 1472`, kwenye Linux `ping -M do -s 1472`, ukimalizia na anwani unayoipima. Ikigoma na 1464 ikapita, uko kwenye PPPoE, njia ya kuunganisha wateja inayokula baiti 8 za kila pakiti, yenye kikomo cha 1492. Iamuru ruta ipunguze MSS, yaani kiasi cha data ndani ya pakiti moja ya TCP, hadi 1452. VPN inahitaji kushushwa zaidi.

Na ikiwa kweli ni kebo

Tarehe 25 Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilikata TEAMS kwa nanga. Februari 2024 kebo kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, na tarehe 12 Mei mwaka huo EASSy na SEACOM zikakatika kaskazini mwa Durban. Dalili si kimya kabisa. Nairobi inabaki 10, kache za ndani zinaendelea, lakini Ulaya inaruka kutoka 140 hadi 250 au 300 na upotevu juu yake, kwa sababu mizigo imehamia kebo zilizobaki na zimejaa. `mtr` ya leo ukiilinganisha na ya wiki iliyopita utaona miji imebadilika. Kurekebisha kunahitaji meli maalumu, na huchukua siku au wiki. Ahirisha nakala kubwa za ng'ambo, panga mikutano asubuhi mapema, na uache kuwasha na kuzima ruta.

Kuandika malalamiko yatakayosomwa

Aliye kwenye simu ana karatasi yenye maswali, na la kwanza ni kama umezima na kuwasha. Unataka ujumbe wako umruke umfikie mhandisi. Andika saa kwa mtindo wa 24, maana kumbukumbu za mashine zimo hivyo, na "saa tatu" yako ataisoma alfajiri. Kama anwani ya nje ya ruta yako iko kati ya 100.64 na 100.127, unachangia anwani ya umma na wengine, kwa hiyo taja namba ya akaunti. Ambatisha `mtr` ya pakiti mia na zaidi, ya kwenda na, ukiweza, ya kurudi. Mfano:

"Habari za kazi. Nimepima kwa waya, nyumba haina mtumiaji mwingine, leo 21:10 hadi 21:25. Ruta yangu inajibu kwa milisekunde 1 bila upotevu, hatua yenu ya kwanza kwa 9. Seva ninayoifikia iko Nairobi. Kutoka mtandao mwingine wa Nairobi inajibu kwa 2. Kwangu inajibu kwa 158, na muda unaruka hatua ya tano. Wiki iliyopita ilikuwa 13. Kipimo cha kurudi, kutoka kwenye seva kuja kwangu, kinapita Marseille. Naomba mwangalie mnavyoitangaza anwani yangu kwenye KIXP. Vipimo vyote viwili nimeviambatisha."